Daftari ni la Nani? Elimu ya Juu ya Fedha na Mkulima wa Kyela

UTANGULIZI

Kila mwaka vijana kutoka Kyela, Ipinda, Matema na Ngonga humaliza shahada ya kwanza ya biashara, uhasibu au uchumi, na mara hukabiliwa na swali moja: je, niendelee na shahada ya uzamili ya fedha, au niingie kazini? Na nikiipata shahada hiyo, itanifikisha wapi? Kwa kawaida swali hili hujibiwa kana kwamba linamhusu mtu mmoja na mshahara wake. Wazazi hulijibu kwa kutaja benki, rafiki kwa kutaja Dar es Salaam, na kijana mwenyewe kwa kuhesabu umri wake na deni lake.

Hatusemi kwamba hesabu hizo ni za upuuzi. Familia iliyouza mpunga na ng'ombe ili mtoto asome ina haki ya kutazamia kitu. Lakini kada na mwanafunzi hana budi kuuliza zaidi ya hapo. Fedha si noti wala sarafu tu. Fedha ni uhusiano kati ya watu. Mtaalamu wa fedha ni mtu aliyefunzwa kusoma uhusiano huo, kuupima na kuuandika katika daftari. Kwa hiyo swali la kijana wa Kyela ni swali la historia: katika ufukwe huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, daftari limekuwa mikononi mwa nani, na kwa faida ya nani?

Hoja ya makala haya ni moja. Tangu fedha ilipoingia Kyela, aliyeshika daftari ndiye aliyeamua ni sehemu gani ya jasho la mkulima itakayomrudia mkulima. Kila tulipokosa mtu wetu wa kulishika daftari, au tulipokuwa naye lakini hatukumwekea mahali pa kufanyia kazi, jasho hilo lilikwenda kwingine. Shahada ya uzamili ya fedha ipimwe kwa kipimo hicho. Na Chama pia kipimwe kwa kipimo hicho hicho.

FEDHA ILIVYOINGIA UFUKWENI

Kabla ya ukoloni, watu wa bonde hili hawakuwa maskini wala hawakuwa wajinga wa hesabu. Udongo unaoletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo uliwapa Wanyakyusa migomba na vyakula vingi, na malisho yaliwapa ng'ombe. Wakisi, wanaoishi chini ya milima ya Livingstone, walifinyanga vyungu na kuvipeleka kwa mitumbwi katika pwani za ziwa wakibadilishana kwa chakula. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja na kulima pamoja. Mali ilikuwapo, tofauti za mali zilikuwapo pia, na watemi hawakuwa malaika. Lakini hapakuwa na mtu aliyelazimika kuuza nguvu zake mbali na kwao ili apate kitu cha kumlipa mtawala.

Hilo lilikuja na kodi. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, nayo ikaanza kukusanywa mwaka 1898. Kodi ile haikuwa na shabaha ya kujaza hazina peke yake. Shabaha yake nyingine ilikuwa kumlazimisha mwananchi atafute fedha, na njia ya kuipata ilikuwa kuuza zao au kuuza nguvu. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, waliurithi utaratibu huo na kuuendeleza.

Basi vijana walianza kuondoka. Katika miaka ya 1920 na 1930 machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, yaliwavuta maelfu. Baadaye wengi wakaenda mbali zaidi, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na kwenye migodi ya Afrika Kusini kupitia shirika la kuandikisha vibarua ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Wenela. Tunapaswa kulikumbuka jambo moja kuhusu ujira wa migodini. Kwa vibarua wa nchi za kaskazini, sehemu ya ujira haikulipwa hapo hapo. Iliandikwa katika daftari la mwajiri na kulipwa mtu arudipo kwao. Mnyakyusa alichimba, Johannesburg iliandika. Yeye hakujua hesabu ile imetoka wapi, wala katika miezi yote ile fedha yake ilikuwa inafanya kazi gani na kwa ajili ya nani.

Baada ya Uhuru serikali yetu iliukatisha mkataba wa kupeleka vibarua Afrika Kusini. Ulikuwa uamuzi wa heshima, ambao ulizikosesha familia nyingi mapato yake lakini ukalikomboa taifa na fedheha. Hata hivyo mazoea hayakufa. Wazo kwamba mafanikio ya kijana wa Kyela yako mbali na Kyela lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Zamani lilibebwa na mchimba dhahabu. Leo linabebwa na msomi. Njia ni ile ile, ila aliyekuwa anakwenda kwa miguu sasa anapanda basi.

USHIRIKA NA KARANI WAKE

Njia ya pili ya kupata fedha ilikuwa zao la biashara: kahawa milimani na mpunga bondeni. Hapa adui alikuwa mlanguzi mwenye mizani yake na daftari lake. Jibu la wakulima lilikuwa ushirika. Kilimanjaro walikuwa wametangulia, chama chao kikuu cha KNCU kikiandikishwa mwaka 1933 chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932. Wilaya ya Rungwe, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Kyela ya leo, ilijenga ushirika wake baadaye, na kutoka katika ushirika huo wa Rungwe alitoka Jeremiah Kasambala, aliyekuja kuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere.

Ushirika ulimpa mkulima mizani ya haki zaidi. Lakini haukumpa mara moja mtu wa kuisoma mizania. Baada ya Uhuru vyama viliongezeka kwa haraka kuliko makarani waliofunzwa. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ya kuchunguza ushirika ilikuta wizi, upendeleo na uendeshaji mbovu. Vilevile ilikuta jambo ambalo watu hulisahau: upungufu mkubwa wa watumishi wenye ujuzi, na wanachama wasioelewa hesabu za chama chao wenyewe. Serikali ilichukua hatua. Chuo cha Ushirika Moshi kilikuwa kimekwisha kuanzishwa mwaka 1963, na mwaka 1968 ikatungwa sheria ya kuwa na utumishi mmoja wa watumishi wa ushirika, ili mhasibu mzuri aweze kupelekwa hata kwenye chama kidogo na asimtegemee mwenyekiti wa kijiji kwa ajira yake.

Tunalisisitiza wazo hilo la 1968 kwa sababu tutalirudia. Lilikubali ukweli kwamba chama kimoja cha kijiji hakiwezi peke yake kumwajiri na kumtunza mtaalamu, lakini vyama vingi kwa pamoja vinaweza.

MWAKA 1966 NA MWAKA 1967

Katika mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 1966 lilitokea tukio jingine linalohusu moja kwa moja swali la kijana wetu. Chuo Kikuu, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kilikuwa kimeanza kutoa wahitimu. Serikali ilitaka wahitimu wote waingie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, na miezi kumi na minane kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Mwalimu aliwarudisha makwao wanafunzi 393, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Wengi hulikumbuka tukio hilo kama adhabu. Maana yake kinadharia ni kubwa zaidi. Lilifichua kwamba taifa changa lilikuwa tayari linaumba tabaka linaloona elimu iliyolipiwa na wakulima kuwa ni mali binafsi. Lakini lilifichua pia kwamba viongozi wenyewe walikuwa wakilipwa kwa viwango vya wakoloni. Punguzo la mshahara wa Rais lilikuwa kukiri hilo. Hakuna anayeweza kumhubiria msomi kujitolea huku yeye akiishi kama bwana shauri wa zamani.

Miezi michache baadaye lilikuja Azimio la Arusha, na tarehe 6 Februari 1967 mabenki yalitaifishwa. Matawi ya Standard, Barclays, National and Grindlays na mengineyo yakawa Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC. Mabenki yale yalikuwa yakiendeshwa kutoka nje, na ngazi za juu zilikuwa za wageni. Wengi wao waliondoka. Swali likawa la vitendo kabisa: ni nani atafungua milango asubuhi, nani atapitisha mikopo, nani atafunga hesabu?

Mwenyekiti na mtendaji mkuu wa benki hiyo mpya alikuwa Amon Nsekela, mzaliwa wa Rungwe, juu ya bonde la Kyela. Hakuwa mtu aliyelelewa na mabenki. Alisoma Makerere, akawa mwalimu wa shule, akaandika kitabu cha historia kwa Kiswahili kiitwacho Minara ya Historia ya Tanganyika, kisha akapanda katika utumishi wa serikali hadi kuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Hatulitaji hili ili kudai kwamba ujuzi wa fedha si lazima. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha mpangilio wa mambo: kwanza palikuwapo kazi ya umma iliyohitaji kufanywa, halafu akatafutwa mtu, halafu ujuzi ukajengwa ndani ya kazi. Ni kwa mpangilio huo kwamba mwaka 1972 zilitungwa sheria za kuanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA. Mwaka huo huo kilianzishwa pia chuo cha uongozi wa maendeleo pale Mzumbe. Elimu ya fedha ya nchi hii ilizaliwa kama jibu la hitaji la umma, si kama ngazi ya mtu kupandia.

KOSA TUSILOPASWA KULIFICHA

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwalaumu wasomi wa leo kwa kuisahau shabaha hiyo. Lakini nadharia isiyojikosoa ni kasumba. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, ili waijue nchi wanayoisomea. Lilikuwa wazo zuri. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi yake ikapewa vijiji na mashirika ya mazao. Katika bonde la Kyela mpunga ukawa wa Shirika la Taifa la Usagishaji.

Matokeo yake yanajulikana. Shirika hilo lilielemewa na deni kubwa kwa NBC. Mashirika mengi ya umma yalichelewa kwa miaka kadhaa kufunga hesabu zake, kwa sababu wahasibu walikuwa wachache na kazi ilikuwa imetanuka kupita uwezo. Mkulima aliyecheleweshewa malipo aliuza mchele wake kwa njia za pembeni. Tulikuwa tumemwambia msomi arudi kijijini. Na wakati huo huo tulikuwa tumekivunja chombo pekee kijijini ambacho kingeweza kumpa meza, daftari na mshahara. Kosa hilo halikuwa la vijana. Lilikuwa letu.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka huo likaundwa shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO. Benki ya maendeleo vijijini iliyoanzishwa mwaka 1971 ikageuzwa mwaka 1984 kuwa CRDB, benki ya ushirika na maendeleo vijijini. Lakini chombo kilichovunjwa kwa siku moja hakijengwi kwa siku moja. Imani ya wanachama ilikuwa imepungua, na makarani wazuri walikuwa wametawanyika.

SOKO HURIA NA THAMANI MPYA YA SHAHADA

Mwaka 1991 sheria mpya ya mabenki iliruhusu mabenki binafsi. CRDB ilibinafsishwa mwaka 1996. NBC iligawanywa mwaka 1997, ikazaa NMB, na mwaka 2000 sehemu yake kubwa ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Soko la hisa la Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1998. Ndipo shahada ya uzamili ya fedha ilipopata thamani mpya. Mabenki yalihitaji wachambuzi wa mikopo, wapimaji wa hatari na wasimamizi wa mitaji, vyuo vikaitikia. Leo kijana wa Kyela hana haja ya kwenda mbali sana: Mzumbe, iliyokuwa chuo kikuu mwaka 2001, ina kampasi Mbeya, na Taasisi ya Uhasibu pia ina kampasi hapo.

Huo ni ushindi, na tusiudharau. Babu alisaini kwa dole gumba. Mjukuu anakokotoa thamani ya mtaji. Lakini angalia ujuzi huo unakokwenda. Nafasi za mwenye shahada ya uzamili ya fedha ziko makao makuu ya mabenki, kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, Hazina, Benki Kuu, mamlaka ya mapato, makampuni ya bima na ya simu, na vyuoni. Karibu zote ziko Dar es Salaam na Dodoma. Nafasi hizo ni chache, na wanaozitafuta wanazidi kuongezeka. Hivyo tunaona jambo la ajabu: mji una wataalamu wa fedha wanaosubiri kazi, na ufukwe una kazi za fedha zinazosubiri wataalamu.

ASILIMIA 10 NA ASILIMIA 300

Kyela leo ndiyo wilaya inayojulikana zaidi nchini kwa kakao. Mkulima wa kakao huvuna kwa vipindi, lakini mahitaji yake hayangoji mavuno: ada, ugonjwa, msiba. Hapo ndipo inapoingia biashara ambayo wenyeji huiita njuruku, yaani kuuza zao likiwa bado mtini kwa mtu mwenye fedha taslimu.

Tuchukue mfano wa hesabu, si takwimu. Mkulima anapewa shilingi 200,000 leo kwa ahadi ya kutoa kilo 100 za kakao kavu baada ya miezi minne. Siku ya mavuno bei ya mnada ni shilingi 4,000 kwa kilo. Amelipa shilingi 400,000 kwa mkopo wa 200,000. Hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa miezi minne, sawa na asilimia 300 kwa mwaka.

Sasa tazama upande wa pili. Mwezi Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu kwa mabenki yatakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, mkopo ule ule wa shilingi 200,000 kwa miezi minne ungegharimu shilingi 6,700 hivi. Hata kama chama cha akiba na mikopo kingetoza asilimia 30 kwa mwaka ili kulipa gharama zake na kufidia wasiolipa, mkulima angelipa shilingi 20,000, siyo 200,000.

Basi, fedha nafuu ipo juu, na fedha ya kunyonya ipo chini. Kati ya asilimia 10 na asilimia 300 kuna nini? Hakuna mlima wala mto. Kuna kazi ambayo haijafanywa: daftari la wanachama lenye historia ya mavuno ya kila mmoja, hesabu zilizokaguliwa kwa wakati, andiko la mkopo ambalo benki italiamini, utaratibu wa kulipa deni kutokana na mauzo ya mnada, na akiba ya tahadhari. Hayo yote ndiyo anayofundishwa mwenye shahada ya uzamili ya fedha. Huo ndio uwanja wake, na uko wazi.

Tuwe wakweli pia juu ya mnunuzi wa njuruku. Haondolewi kwa matusi wala kwa amri peke yake. Anakuja usiku mtoto anapougua. Hadai fomu tatu wala picha mbili. Hujitwika hatari ya mvua na ya ugonjwa wa mikakao. Anaishi katika pengo tuliloliacha sisi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kufikishwa kwenye kakao ya Kyela miaka ya baadaye, umeleta mnada wa wazi na umempa mkulima sauti juu ya bei. Lakini mnada humsaidia mwenye kakao ghalani. Aliyekwisha kuiuza ikiwa mtini huutazama mnada huo kwa mbali, bei ikipanda kwa faida ya mwingine.

Mwaka 2024 jambo hilo lilionekana waziwazi. Bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana, kwa sababu ya mavuno mabaya ya Afrika Magharibi. Mwaka 2025 ikashuka sana kutoka kilele hicho. Aliyeshika kakao yake wakati wa kilele alijenga nyumba. Aliyekuwa amefungwa na njuruku alimjengea mwingine. Na bei iliposhuka, vyama vilivyokuwa vimeweka akiba na vile vilivyokula kila kitu vilitofautiana. Hayo hayakuwa majaliwa. Yalikuwa matokeo ya kuwapo au kutokuwapo kwa mtu anayejua kupanga fedha.

NJIA ZILIZO MBELE YA KIJANA

Kwa hiyo tumwambie nini kijana anayefikiria shahada hiyo?

Kwanza, ajue shahada ni nini na si nini. Anayetaka kuwa mhasibu au mkaguzi wa hesabu hawezi kusimama juu ya shahada ya uzamili pekee. Anahitaji mitihani ya NBAA na cheti cha CPA. Shahada ya uzamili ya fedha inafaa zaidi kwa uchambuzi wa mikopo na uwekezaji, upangaji wa mitaji, utafiti na ualimu wa vyuo.

Pili, asikimbilie. Mwenye miaka miwili au mitatu kazini, hata katika chama kidogo cha akiba na mikopo, huelewa anachofundishwa. Asiye nayo hukariri. Maana ya Azimio la Musoma ilikuwa hiyo, na bado ni kweli ingawa utaratibu wenyewe umekwisha.

Tatu, ahesabu gharama kama mtaalamu. Deni la Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na masomo ya uzamili wengi hujilipia wenyewe. Anayekopa kwa riba kubwa ili asomee fedha amefeli somo la kwanza.

Nne, achague vizuri mada ya tasnifu yake. Tasnifu nyingi hupima faida ya matawi ya benki za mjini na kuishia kabatini. Mwanafunzi wa Kyela anaweza kuandika juu ya mtiririko wa fedha wa familia ya mkulima wa kakao, au juu ya gharama halisi ya njuruku, au juu ya muda unaopita kati ya mnada na malipo. Tasnifu kama hiyo humpatia shahada yeye na hukipatia chombo chama cha msingi, hata kama mwenyewe atafanya kazi Dodoma.

Tano, ajifunze kuisema fedha kwa Kiswahili. Masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mkutano mkuu wa chama cha msingi huendeshwa kwa Kiswahili. Mtaalamu asiyeweza kusimama mbele ya wanachama na kuwaeleza mizania yao mpaka mama wa Ngonga akauliza swali la maana, huyo hajaielewa mizania, ameificha tu.

Wako watakaosema kwamba kijana ana haki ya kwenda penye mshahara mkubwa. Ni kweli, na hatumnyang'anyi haki hiyo. Anayefanya kazi ya uaminifu katika benki au Hazina analitumikia taifa. Tunachokataa ni ile fikra kwamba kwenda huko ndiyo kufaulu, na kubaki na ushirika ni kushindwa. Fikra hiyo ni ya Wenela, haikuzaliwa na elimu.

WAJIBU WA CHAMA NA WA USHIRIKA

Lakini wito usio na nafasi ya kazi ni maneno matupu. Tulifanya kosa hilo baada ya 1974, tusilirudie. Chama cha msingi kimoja hakiwezi kumlipa mwenye shahada ya uzamili. Chama kikuu pamoja na vyama vya msingi vyote vya wilaya vinaweza, kwa kila kimoja kuchangia sehemu ndogo ya ushuru wake, kumwajiri mtaalamu mmoja au wawili kwa mkataba wa heshima. Wazo la 1968 lilikuwa sahihi. Kilichohitaji kurekebishwa ni kwamba mtaalamu huyo awajibike kwa wanachama, siyo kwa ofisi ya mbali.

Mwezi Aprili 2025 Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma. Benki hiyo itakuwa ya wakulima kwa vitendo pale tu watakapopatikana, kwenye upande wa mkulima, watu wa kuandaa mikopo inayokopesheka. Benki bila watu hao itakuwa jengo jingine mjini. Makada wa wilaya wanaweza kuanza na jambo dogo: kujua ni vijana wangapi wa Kyela wana elimu ya fedha, wako wapi, na ni wangapi wangekubali kusimamia hesabu za chama kimoja cha msingi kwa muda wa msimu mmoja.

Na tahadhari moja ya mwisho. Msomi asiyesimamiwa na wanachama anaweza kuwa kupe mpya mwenye maneno mapya. Kamati ya 1966 ilituonyesha kwamba ujuzi na uaminifu ni vitu viwili, na kwamba dawa ya wizi si ujinga wa wanachama bali ni elimu yao. Kwa hiyo mtaalamu na elimu ya wanachama viende pamoja.

HITIMISHO

Kodi ya 1898 ilimtoa kijana kijijini akatafute fedha. Wenela ilimwandika katika daftari la wengine. Ushirika ulimrudishia mizani, Azimio la Arusha likamrudishia benki, na makosa yetu wenyewe yakamnyang'anya chombo chake. Soko huria limempa shahada bila kumwonyesha kazi iliyo karibu naye zaidi.

Vijana wa rika moja wa zamani walijenga kijiji pamoja. Rika la leo lenye shahada za fedha halihitaji kujenga kijiji kipya, maana kijiji kipo, kakao ipo, mnada upo, na fedha nafuu ipo juu. Linahitaji kuziba pengo kati ya asilimia 10 na asilimia 300. Kazi hiyo ina hesabu ngumu, haina sifa nyingi, na mshahara wake hauna budi kujadiliwa kwa haki. Kijana atakayeichagua, na chama kitakachomwekea meza ya kuifanyia, watakuwa wamelijibu swali ambalo ufukwe huu umeuliza kwa zaidi ya miaka 100: daftari hili ni la nani?